Hatua Sita Kutoka Mlangoni

Elinipa alipostaafu upishi hakujua kupika sufuria ndogo. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewapikia wanafunzi mia nne katika shule moja ya bweni upande wa Usa River, akisonga ugali kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na mkono wake ulishazoea wingi. Mumewe Mika alipokuwa hai walikula viporo wiki nzima na kucheka. Mika alipofariki kicheko kiliisha, sufuria haikupungua. Binti yao wa pekee, Nice, alikuwa ameshaajiriwa uuguzi Dar es Salaam. Basi kila jioni, katika nyumba yao ya Sekei, jijini Arusha, mama huyu alifunua mfuniko akakutana na chakula cha watu wanane, naye yuko mmoja.

Ndivyo ilivyoanza. Siku moja alijaza bakuli, akalifunika, akavuka barabara kumpelekea kikongwe aliyekuwa akiishi peke yake nyuma ya duka la nafaka. Wiki iliyofuata wakawa watatu. Wanawake wa mtaa waliposikia, Walutheri kwa Wakatoliki, kila mmoja akaja na chake: huyu mkungu wa ndizi, yule debe la mahindi, mwingine mtindi kwenye kibuyu. Mchungaji akawaazima ukumbi mdogo wa usharika, na kufikia mwaka 2019 wazee thelathini na mmoja walikuwa wakikutana humo kila Jumatano mchana kula loshoro, yale mahindi na ndizi zilizopondwa zikakorogwa kwa mtindi. Kikundi hakikuwa na jina. Watu waliulizana tu, "Unaenda Jumatano?" na kila mtu akaelewa.

Elinipa alikuwa mpishi, na mpishi huangalia sahani zinavyorudi. Nyingi zilirudi na nusu ya chakula. Hilo halikumsumbua. Alijua kwamba wazee wale hawakushuka milima kwa ajili ya loshoro. Walikuja kukaa bega kwa bega na mtu. Walikuja kumsikia Babu Aminieli, mwalimu wa kwaya mstaafu, akianzisha wimbo kwa besi yake nzito iliyotikisa vioo vya madirisha. Na walikuja kuwekewa mkono kichwani na Koko Silantoi.

Silantoi alikuwa Mwarusha wa miaka themanini na kitu, akiishi juu kwenye mteremko, kati ya migomba na kahawa, pamoja na mkwe wake Namelok ambaye kutwa alikuwa sokoni. Wote walimwita Koko, jinsi Waarusha wanavyomwita bibi. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili. Aliketi mwisho wa benchi, karibu na mlango, na kila aliyeingia aliinama mbele yake kama mtoto anavyoinamia mkubwa wake, naye akaweka kiganja utosini na kumtaja jina kabla hajatamka neno. Hakukosea. Ukiwa umesuka alijua, ukiwa umenyoa alijua, na ukiwa na homa alikuwa wa kwanza kukuambia urudi ukalale.

Elinipa alifiwa na mama yake akiwa darasa la tatu. Tangu siku zile za msiba hakumbuki mtu mwingine aliyemshika kichwa kwa upole. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote jambo hili, lakini alikuwa amepanga ugawaji wa chakula kwa namna ambayo kwa Koko Silantoi alifika wa mwisho, wakati ambapo hakuna mtu nyuma yake anayesubiri zamu. Hapo aliinama, na kiganja kile kikavu kilikaa juu ya kilemba chake muda mrefu kidogo kuliko kilivyokaa kwa wengine. Alirudi nyumbani na kitu hicho, kikamfikisha Jumatano nyingine.

Mwezi wa tatu mwaka 2020 Nice alipiga simu saa za kazi, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Hakuuliza habari za nyumbani. Alisema, "Mama, wale wazee wako wasije Jumatano hii. Wala inayofuata."

Elinipa alikuwa ameshasikia redioni habari za korona, na shule zilikuwa zinafungwa. Alikuwa anafikiria ndoo ya maji ya kunawa na sabuni mlangoni, basi. Nice akamweleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba ugonjwa unapita katika pumzi, kwamba mtu anaweza kuutoa kabla yeye mwenyewe hajajisikia vibaya, na kwamba ukumbi mdogo wenye wazee thelathini wanaoimba ndipo mahali ugonjwa ule ungepachagua kama ungepewa kuchagua.

Wanawake walikutana uani kwa Elinipa, wamekaa mbali mbali, wakionana kama wageni. Mwenye sauti kubwa kati yao alikuwa Theresia, Mama Brayson, mwanamke mnene mchangamfu aliyekuwa akipiga vigelegele hata maji yakichemka mapema. Siku hiyo hakuchangamka. Alisema wazee wakifungiwa majumbani watakufa kwa upweke kabla korona haijapata nafasi, na wengi waliitikia kwa vichwa.

"Mama Nice," akasema, "hawa watu hawaji kula. Wewe unajua hawaji kula."

"Najua," Elinipa akajibu. "Ndiyo maana naogopa. Wangekuwa wanakuja kula, ningewapa chakula waondoke."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe walikubaliana ukumbi ufungwe ila moto usizimwe. Badala ya wanawake tisa kuzunguka jikoni, wangepika watatu tu, walewale kila wiki, tena nje chini ya paa la mabati lisilo na kuta, ili kama ugonjwa ukiingia usiwachukue wote kwa mpigo. Kila mzee alipewa mabakuli mawili yenye alama yake ya rangi. Moja likienda na chakula, jingine linarudi na kuoshwa kwa maji yanayochemka. Anande, fundi cherehani, alishona barakoa za kitenge mpaka vipande vyote vya dukani kwake vikaisha. Na kwenye kila geti la mzee walining'iniza kibuyu chirizi, lile dumu dogo unaloliinamisha kwa kukanyaga kijiti ili unawe bila kulishika.

Usafiri ulipatikana kwa sababu ya balaa jingine. Wageni walikuwa wameacha kuja, na barabara za kwenda mbugani zilikuwa kimya. Lesian, dereva wa watalii, mtu mzima mwenye familia, alikuwa na Land Rover yake kuukuu imesimama bila kazi. Alisema akikaa nyumbani siku moja zaidi atagombana na kuku. Elinipa akakaa kiti cha nyuma, vioo vikashushwa vyote, wakaanza kupanda mlima.

Kuhusu umbali, Nice alikuwa amesema mita mbili. Elinipa, ambaye maisha yake yote aliweka unga kidogo zaidi ya ulioelekezwa, akaamua hatua sita. Angeweka bakuli juu ya kigoda mlangoni, arudi nyuma hatua sita, apige hodi, na asiondoke mpaka wameongea.

Kwa wengi ilikwenda vizuri. Walitoka, wakacheka barakoa yake, wakapiga soga kwa kupaza sauti kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Kwa Koko Silantoi haikwenda.

Jumatano ya kwanza Elinipa alisimama kwenye hatua ya sita akaita, "Takwenya, Koko," kwa Kimaasai, kama alivyozoea kumwamkia. Bibi akatoka akipapasa mwimo wa mlango, akaitikia, akanyoosha mkono mbele yake. Mkono ukabaki hewani. Elinipa akaeleza habari ya ugonjwa. Sauti yake ilipita kwenye kitambaa ikatoka nzito, haikufanana naye. Bibi akasubiri, kisha akauliza, "Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Koko. Elinipa."

"Elinipa huja hapa akainama," bibi akasema, akarudi ndani.

Jumatano ya pili bakuli la kwanza lilikuwa palepale kwenye kigoda, limemalizwa na kuku. Ya tatu ikawa vilevile. Namelok, alipoulizwa kwa simu, alisema kwa aibu kwamba mama mkwe wake hali chakula cha mtu asiyemjua, na kwamba jioni hukaa mlangoni akiuliza Jumatano imekosa nini, nani amemkosea, kwa nini watu wa bondeni wamemtupa. Elinipa alisikiliza, akakata simu, akakaa na kuifunua na kuifunika sufuria tupu. Angeweza kuvua barakoa. Angeweza kuzivuka hatua zile sita, na hakuna mtu Arusha nzima ambaye angemlaumu. Alichokiogopa ni kwamba alitamani sana, na mtu akitamani kitu kiasi hicho hashindwi kujipatia sababu.

Jumatano ya nne Namelok hakwenda sokoni. Mama mkwe wake alikuwa ameketi mlangoni, fimbo magotini, na alipofika Elinipa kwenye hatua ya sita bibi akasema neno moja kwa Kimaasai. Namelok akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na mwanzi mrefu, ule wa kuangulia maparachichi. Elinipa hakuelewa. Bibi akaushika mwanzi kwa mikono miwili, akaupeleka mbele polepole, ncha yake ikitetemeka hewani, ikamgusa Elinipa begani, ikapanda shingoni, ikatafuta, ikatua juu ya kilemba.

"Inama," bibi akasema.

Elinipa akainama. Mwanzi ukakaa utosini kwake, mwepesi kama ndege, ukashuka hadi shavuni, ukarudi juu.

"Ni wewe," bibi akasema. "Umekonda. Unawapikia watu halafu huli."

Namelok alikuwa ameshageukia ukuta. Bibi akaushusha mwanzi, akapapasa kigoda, akaliinua bakuli la loshoro akaanza kula, na tangu siku ile mwanzi ule haukurudishwa nyuma ya nyumba. Ulisimama kando ya mlango, na watu wote waliokwenda pale mwaka ule waliinama kwenye hatua ya sita wakaguswa.

Kwenda mlango hadi mlango kuliwaonyesha mambo ambayo ukumbi haukuwahi kuwaonyesha. Kuna wazee walikuwa karibu tu na hawakuwahi kuja kwa sababu miguu haikuwaruhusu, na hakuna aliyejua. Mmoja, Mzee Sifaeli, aliyekuwa mlinzi wa shamba la maua, alikuwa ameishi miaka mitatu nyuma ya kichaka cha kahawa, akila alichopikiwa na mpangaji wake pindi mpangaji alipokumbuka. Lesian ndiye aliyeuona moshi wake. Orodha ya wazee thelathini na mmoja ikafika arobaini na wanne.

Mwezi wa saba hofu ilipungua. Shule zilifunguliwa, sokoni watu walisongamana, barakoa ziligeuzwa vitambaa vya kufutia jasho. Wazee walianza kuuliza kwa nini wao tu ndio bado wamefungiwa. Theresia aliuliza pia, na Elinipa hakuwa na nguvu ya kukataa kitu ambacho naye alikilia. Waliweka mabenchi nje, kwenye majani ya uwanja wa usharika, mzee mmoja kila ncha ya benchi. Siku ile Babu Aminieli alianzisha wimbo, akashindwa kuumaliza kwa machozi, wakamalizia wengine. Wakala mpaka sahani zikarudi safi zote, na kwa Elinipa hilo lilikuwa jambo jipya.

Laiti wangebaki nje. Lakini Februari ikaja na upepo wake wa vumbi, vumbi lile linaloingia hadi kwenye chumvi, na Jumatano moja ilikuwa mbaya kiasi kwamba wazee waliomba waingie ukumbini, mara moja tu. Wakaingia. Wakafunga madirisha.

Theresia alikuwa akikohoa. Alikohoa kwenye meko, akakohoa akigawa ndizi, kisha akapangusa mdomo kwa kanga, akasema ni vumbi. Elinipa alimsikia. Alisimama na upawa mkononi, akamtazama rafiki yake usoni, akaona macho mekundu, akajiambia naam, ni vumbi. Babu Aminieli akaimba. Watu wakaitikia kwa sauti zote walizokuwa nazo.

Ijumaa Theresia alilala na homa. Wiki iliyofuata wazee watatu waliugua, wakapona polepole. Wa nne alikuwa Aminieli, naye hakupona. Siku ya tisa walipata habari. Hakuna aliyekuwa amempima, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika alichokufa nacho. Kifua, walisema jamaa zake, na uzee. Lakini kila mwanamke wa Jumatano alipiga hesabu ya siku peke yake, kimyakimya, akafika palepale.

Mazikoni Elinipa alisimama mbali, karibu na ua. Kwaya iliimba, na kila mstari ulisikika kama una tundu chini, mahali besi ilipokuwa. Theresia hakuja. Hakuja mazikoni, hakupokea simu, na mlango wake ulibaki umefungwa hata baada ya homa kumtoka.

Wiki ya tatu Elinipa alijaza bakuli, akaenda. Alisimama hatua sita, akapiga hodi, akasema haondoki. Jua lilimchoma mgongo mpaka mlango ukafunguka. Theresia alikuwa amepungua, kanga imemzunguka mara mbili. Alikaa kizingitini, akaanza kusema bila kuulizwa.

"Nilijua, Mama Nice. Nilikuwa na homa tangu Jumatatu. Nilijua na nikaja."

Theresia akaikaza kanga yake.

"Brayson yuko Mwanza. Baba yake unajua alikokwenda. Ningebaki nyumbani siku ile, nisingesikia sauti ya mtu mpaka Jumatano nyingine. Watu wanadhani mimi nakuja pale kuhudumia."

Elinipa aliketi chini, pale pale kwenye vumbi la uani, hatua sita kutoka kwa rafiki yake.

"Nilikisikia kikohozi chako," akasema. "Nilikuangalia macho, nikaona. Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Nilitaka Jumatano iwepo."

Hawakusamehewa na mtu, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuwasamehe, na wao wenyewe hawakujua pa kuanzia. Walikaa hivyo, mmoja kizingitini na mmoja mavumbini, mpaka Theresia akavuta bakuli akala vijiko viwili. Lakini mambo yaliyosemwa uani pale ndiyo yaliyobadili kikundi kuliko ndoo na barakoa zote. Elinipa aliwaambia wanawake kwamba kumkataza mgonjwa asije hakutoshi. Mtu ataficha homa ikiwa kuisema ni kujihukumu kukaa peke yake. Kwa hiyo anayesema anaumwa, awe mzee au mpishi, bakuli litamfuata siku hiyohiyo, na kila mchana kuna mtu atakayempigia simu, si kuuliza hali na kukata, ila kuongea. Wa kwanza kupewa kazi ya simu alikuwa Theresia. Sauti ile kubwa ikapata pa kwenda. Alipiga simu arobaini na kitu kwa wiki, akisimulia mpaka waliougua wakamwomba awaache walale. Na ukumbi ukafungwa tena.

Mwezi wa nne Nice akaja.

Hakuwa amekanyaga nyumbani mwaka na nusu. Elinipa alikuwa akipika alipoona mtu amesimama kwenye geti, begi begani, barakoa mbili moja juu ya nyingine, na kabla akili haijamtambua miguu ilikuwa imeshatoka jikoni. Nice akainua kiganja.

"Mama, shikamoo. Usije."

"Marahaba. Nice, mwanangu."

"Mama, tafadhali. Wodi yetu wiki iliyopita nimewafumba macho watu wanne. Sijui nimebeba nini. Nimekuja kukuona tu, nitalala chumba cha nje."

Elinipa alisimama katikati ya uwanja na mwiko mkononi. Alimwona binti yake amebadilika. Juu ya pua palikuwa na alama ya kuchubuka iliyoachwa na barakoa, na mabega yalikuwa yameshuka kama ya mtu wa miaka yake yeye Elinipa. Mikono ilimuuma hasa, kuanzia kwenye viwiko. Wakati huo ndipo alipomwelewa Koko Silantoi kwa mwili wake wote, jinsi mkono unavyonyooka kumtafuta mtu na kubaki hewani, na jinsi mtu anayekupenda anavyoweza kusimama mbele yako akawa kama hakufahamu.

Akarudi jikoni. Akapakua, akaweka sahani kwenye kigoda nje ya chumba cha uani, akarudi nyuma mwenyewe bila kuambiwa. Nice akala yote, akafuta sahani kwa kidole kama alipokuwa mtoto, akaomba tena, na tena. Kwa mara ya kwanza tangu Mika afariki sufuria ya Elinipa ilikwisha.

Siku nne waliishi hivyo, mama barazani, binti mlangoni pa chumba cha nje, uwanja kati yao. Na kwa kuwa hapakuwa na la kufanya isipokuwa kuongea, waliongea mambo ambayo wakiwa karibu hawakuwahi kuyagusa. Nice alisimulia habari za mama mmoja wa Tandika aliyemshika kidole mpaka mwisho akidhani ni binti yake, naye akaitika. Elinipa alimwambia jinsi Mika alivyomuita Nice asubuhi ile ya mwisho, jambo alilomficha miaka yote ili asijilaumu kwa kuwa mbali. Nice alilia hapo hapo mlangoni, na mama yake akamtazama akilia, ameshika ukingo wa baraza kwa mikono yote miwili.

Siku ya kuondoka Nice alinawa kwenye kibuyu chirizi cha getini, akapunga mkono, akaondoka. Mto aliolalia binti, Elinipa aliuanika juani siku nyingi kama alivyoelekezwa, kisha akaurudisha ndani, akautumia yeye.

Chanjo ilifika mwaka ule katikati. Wapo walioikataa, na Elinipa hakugombana nao; aliwaeleza alichoelezwa na binti yake, akawaachia. Koko Silantoi aliuliza tu kama sindano ile itamrudishia Jumatano. Elinipa alisema haahidi, ila itasaidia kuifungulia njia. Bibi akanyoosha mkono akachomwa.

Ukumbi ulipofunguliwa tena, mwaka 2022, ulifunguliwa kwa namna nyingine. Fundi aling'oa madirisha ya upande mmoja, pakabaki wavu tu, na wazee walielezwa waje na mablanketi, kwa kuwa baridi ya Meru inavumilika. Walikuja nusu kwa nusu, wa bondeni wiki hii, wa mlimani wiki ijayo. Mwenye mafua alibaki kwake bila kuona haya, bakuli likamfuata. Theresia aliendelea na simu zake.

Koko Silantoi hakushuka tena. Miaka miwili ya kukaa ilikuwa imemaliza miguu yake. Kwa hiyo Elinipa ndiye aliyepanda kila Alhamisi, na sasa aliingia ndani hadi kitandani, akapiga magoti. Kiganja kilikuwa chepesi kuliko alivyokikumbuka. Mara ya kwanza bibi alikizungusha kichwani kwake muda mrefu, kama mtu anayekagua nyumba aliyoiacha, akasema nywele zimekuwa nyembamba. Alhamisi kumi na saba walipata namna hiyo. Elinipa alizihesabu baadaye, si wakati ule. Bibi alifariki mwezi wa kumi, usingizini, kwa uzee wake mwenyewe.

Nice siku hizi anakuja Krismasi, na mara moja katikati ya mwaka akipata ruhusa. Anapoingia getini mama yake anamshika na hamwachii upesi. Siku zikiisha anakwenda, na nyumba inarudia kimya chake, kimya ambacho Elinipa ameacha kukitafutia dawa.

Alhamisi bado anapanda. Nyumba kumi na moja za wasioweza kushuka, kuanzia kwa Mzee Sifaeli, ambaye anakula polepole na hapendi kuachwa kabla hajamaliza. Ya mwisho ni kwa Namelok. Pale hapana tena mzee wa kulishwa, lakini Namelok huweka chai tayari siku hiyo, asiende sokoni. Wanakaa mlangoni wanakunywa, wanazungumza habari za mvua na ndizi zinavyoliwa na fuko. Koko hawamtaji. Wingu linateremka kutoka mlimani, kahawa zinapoteza rangi, na Namelok anamwongezea chai katika kikombe bila kumuuliza, ili asiondoke bado.